Saa Tano ya Budeba

Tusajigwe wa Uyole alilishwa na mwandiko wake. Ndio uliompa ukarani ofisi ya kata, na mafuriko yalipoingia Usangu, ndio uliomfikisha kwenye kituo cha amri: darasa moja, simu mbili, redio ya upepo na ubao. Yeye alipokea simu na kuandika ubaoni. Afande Fred, mkuu wa kituo, alisoma ubao na kuamua boti ya uokoaji iende wapi. Boti yenyewe ilikuwa moja tu.

"Humu tunaandika saa za kijeshi," Afande alimwambia Tusajigwe mapema. "Saa mbili asubuhi ni 0800. Ukikosea, tumekwisha."

Siku mbili hakukosea. Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, simu zote zikalia kwa pamoja. Moja ilikuwa ya Budeba, mfugaji wa Kisukuma aliyekwama juu ya kichuguu na mama yake na wanawe watano.

"Maji yanapanda, mayo, mama. Ikifika saa tano, kichuguu hakipo."

Tusajigwe, sikio moja huku na jingine kule, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Budeba, watu 7, mwisho 0500. Haraka haraka haina baraka.

Afande akasoma. 0500 ni alfajiri ya kesho, Budeba ana muda. Akaipeleka boti kwanza ng'ambo ya bonde, kwa watu waliokuwa juu ya paa la ghala, mwisho wao 1400.

Saa tatu na nusu Budeba akapiga tena. "Mayo, mbona boti siioni?"

Tusajigwe akatazama ubao, akaiona ile 0500. Angeweza kuifuta kwa kiganja, nani angejua? Lakini akasimama.

"Afande, nimeharibu. Saa tano ya Budeba ni ya leo. Nimeiandika kwa Kiswahili."

Fred hata hakumtazama. Alishika redio. "Boti, geuza. Nenda kwa Budeba sasa hivi. Wa ghalani watafuata."

Muda ukapita. Kisha redio ikakoroma: "Tumewapata. Watu sita."

"Saba!" Tusajigwe akapiga kelele. "Yuko wapi wa saba?"

Redio ikakoroma tena: "Ni bibi, hatukumwona. Budeba kambeba mgongoni, maji yako kifuani... Haya. Saba."

Fred akamsukumia chaki. Tusajigwe akatazama saa ya ukutani, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, ndipo akaandika: 1052, watu 7, wamepatikana.

Mwandiko ulikuwa mbaya, hausomeki vizuri.