Paa la Kitambaa la Mzee Masunga

Gari la Mzee Masunga lilikuwa dogo, jekundu, na badala ya bati juu lilikuwa na paa la kitambaa linalokunjwa kwa nyuma. Alilinunua Lamadi kwa mtu aliyekuwa akipeleka wageni mbugani. Mvua za vuli zilipoanza, paa likaanza kuvuja. Na Jumamosi iliyokuwa inakuja ndiyo ya mwisho kabla ya Majilio. Ikipita hiyo, padri hafungishi ndoa mpaka Noeli. Binti yake, Nancy, alikuwa anaolewa siku hiyo, na alikwisha kusema atapanda gari la baba yake, si la kukodi.

Kazi akapewa Generoza, fundi wa maturubai wa mtaa wa Malambo. Mpaka hapo alikuwa ameshona vifuniko vya bajaji na maturubai ya kufunikia pamba, mwanawe Gloria akiwa mgongoni. Paa la gari hakuwahi kuligusa, wala hakumwambia Mzee hivyo. Alijua tu kwamba likivuja, shela la bibi harusi litalowa mbele ya parokia nzima, na baada ya hapo hakuna atakayemletea hata zipu ya begi.

Jumatano akalifua kwa sabuni ya unga, povu likamwagika mpaka kwenye matairi. Lilipokauka akayeyusha nta ya nyuki, akaipaka ingali ya moto, kama alivyozoea kwenye maturubai ya pamba. Akamwagia maji ya birika. Yakateleza yote chini. Akatabasamu peke yake.

Jioni Mzee Masunga akaja.

"Mwadila, mayu," akamsalimu kwa Kisukuma, kama anayemwita mama.

"Mwadila, baba. Karibu uone."

Mzee akaona, akafurahi, akalikunja paa nyuma, akalirudisha. Generoza alisikia mlio mdogo, kama ugali mkavu unaobanduka sufuriani. Pale penye mkunjo nta ilikuwa imepasuka, mstari mweupe kutoka upande hadi upande. Akachukua birika tena. Maji yakapita, yakadondoka kwenye kiti.

Mzee hakugomba. Hilo ndilo lililomuuma Generoza zaidi.

"Nilipeleke Mwanza?" akauliza taratibu.

"Niachie mpaka Ijumaa, baba."

Mzee alipoondoka, akampigia Paschal, anayetengeneza mahema ya watalii kule Lamadi. Paschal alicheka mpaka akakohoa.

"Mama Gloria! Umelipaka nta? Turubai la pamba linalala tu pale, halikunji kiwiko. Paa la gari linakunjwa kila siku!"

"Cheka ukimaliza uniambie nifanye nini."

"Na ulilifua kwa sabuni gani?"

"Sabuni ya unga."

"Ee Mungu wangu. Ile ikibaki kwenye nyuzi inaita maji, njoo ndani, karibu. Toa nta yote. Suuza mpaka povu liishe, lakini liishe kweli. Dawa ya mahema ya kuzuia maji nitampa konda wa basi akuletee kesho jioni."

Alhamisi Generoza akafunga paa, akaweka ubao chini yake kwa ndani, akatandika juu karatasi za mifuko ya saruji, akapitisha pasi ya mkaa isiyo kali. Karatasi ikanyonya nta, ikawa na madoa ya mafuta. Akaitupa, akatandika nyingine. Kisha akasuuza kwa brashi laini, ndoo baada ya ndoo. Kila akidhani amemaliza, povu jeupe linachungulia kwenye mshono. Ndoo ya kumi na moja ikatoka safi. Akaliacha likauke kivulini, akawa anashika mishono kwa kidole, kama anavyoshika nepi za Gloria kabla ya kuzianua.

Ijumaa asubuhi akapaka dawa, tabaka jembamba, likakauka, akapaka la pili, na kwenye matundu ya sindano akarudia kwa brashi ndogo. Halafu akasoma karatasi ya chupa kwa sauti ya chini, neno moja moja: lisikunjwe kwa siku mbili.

Siku mbili. Na Nancy alitaka kutoka kanisani paa likiwa wazi, watu wamwone.

Angeweza kunyamaza. Mzee angelifunua Jumamosi, lingevuja baadaye, na nani angejua? Generoza akakaa kwenye kigoda, akanyonyesha, akafikiri. Mzee na Nancy walipokuja kuchukua gari, akasema ukweli.

"Dada Nancy, paa halitavuja. Lakini kesho usilifunue. Likikunjwa bichi, kazi yote imeharibika. Na kosa ni langu, nilianza vibaya."

Nancy akanuna. "Sasa nikae ndani kama gunia la pamba?"

"Gunia lenye shela," akasema baba yake. "Vioo si vitashushwa? Punga mkono."

Jumamosi mvua iliwakuta njiani, wakitoka kanisani, mvua ile ya Simiyu inayokuja na vumbi kwanza. Watu wakakimbilia barazani. Vioo vikapandishwa haraka. Gari jekundu likapita polepole, maji yakiviringika juu ya paa kama punje.

Ukumbini Generoza alisubiri Nancy ashuke. Akaingiza mkono ndani ya gari, akapapasa mshono wa mkunjo, kisha kiti.

Pakavu.

"Wabeja, mayu," Mzee Masunga akamshukuru nyuma yake. "Sasa niambie, lini nimeruhusiwa kulifunua?"

"Jumatatu, baba. Na likilowa, usilikunje mpaka likauke."

"Nimesikia, fundi."