Mama na Safari ya Theluji

Watu wa kikundi chetu sijawasamehe, na ninaandika haya nikiwa bado mwanachama wao. Tulisoma pamoja sekondari hapa Bariadi, tukapotezana, tukaja kutafutana ukubwani kwenye simu, kama ilivyo siku hizi. Tukaunda kikundi. Katiba inataja malengo mengi, lakini kazi yetu hasa ni moja, kuzikana. Mwenzako akifiwa, unafunga shughuli zako na kwenda. Wanaume wanachimba kaburi na kupasua kuni, wanawake tunateka maji na kupika, na haondoki mtu mpaka matanga yaanuliwe. Asiyekwenda kwa wenzake, naye hatakwendewa. Hilo la mwisho halimo kwenye katiba, maana huku kwetu mtu hulijua kabla hajajua kusoma.

Mimi nilikuwa nakwenda kuliko wote. Nina duka la pembejeo karibu na stendi, na nimewahi kulifunga katikati ya msimu wa kupanda, wakulima wamesimama nje wanataka mbegu, kwa sababu baba mkwe wa mwenzetu amefariki huko Mwamanyili. Watu walinisifu kwamba nina moyo. Sikuwa na moyo wowote, nilikuwa na mama. Baba alipokufa, ndugu zake walimfukuza mama kwenye mji wake kule Nkoma, wakagawana mashamba ya pamba, naye akaja kwangu na godoro na kuku wake. Sina kaka wala dada. Siku yake ikifika hapatakuwa na ukoo wa kusimama uani kwangu. Watakuja watu wa kikundi, au hatakuja mtu. Kila sufuria niliyoikoroga kwenye misiba yao niliikoroga kwa ajili yake.

Sasa mwenyekiti wetu. Yeye anafanya kazi ofisi za mkoa, na aliwahi kupelekwa kwenye mafunzo katika nchi ya baridi. Alirudi na picha moja akiwa amesimama juu ya ubao kwenye theluji, na picha hiyo tumeoneshwa mpaka tumeichoka. Mwaka huo akaja na hoja kwamba tumezikana vya kutosha, tufurahi pamoja tungali hai. Twende Lesotho, akasema, nchi ya milima iliyozungukwa na Afrika Kusini. Mwezi wa saba huwa kuna theluji huko, na watu wanafungwa mbao miguuni na kuteleza kutoka juu mpaka chini. Nilitegemea wenzangu wamcheke. Walipiga makofi.

Na mimi nilipiga makofi, nisijitoe. Mwezi wa saba pamba imeshavunwa na duka langu halina watu. Sikuwahi kupanda ndege. Tulikwenda mnadani pamoja kuchagua makoti mazito ya mitumba, yale ambayo muuzaji hujuta kuyakuta ndani ya belo, safari hiyo akayauza yote akitushangaa. Nilipata la bluu lenye manyoya shingoni. Mama alilivaa jikoni, akasema hata kondoo hajisumbui hivyo.

Mazoezi yetu naona haya kuyasimulia, ila nitayasimulia kwa sababu yanawaaibisha wao pia. Mwenzetu mmoja ni msimamizi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na uani hapo kiwandani kuna kilima cha mbegu, nyeupe, zingali na manyoya ya pamba. Mwenyekiti alikitazama akatangaza kwamba hiyo ndiyo theluji yetu. Tukakata mbao za kitanda kibovu, tukazifunga miguuni kwa mpira wa baiskeli, tukapanda. Mbegu za pamba hazitelezi. Zinakumeza mpaka magotini. Mtu anaanguka kifudifudi, anatoka puani mna manyoya, na wapagazi wa kiwanda wameacha kazi wanatutazama kimya. Tulipiga chafya wiki nzima. Mwenyekiti akaandika kwenye simu kwamba mazoezi yamefana.

Kisha mama akaanza kuvimba miguu. Hospitali wakasema ni moyo, wakamlaza, wakampa dawa, wakaniambia nirudi naye nyumbani nimtunze. Wenzangu walikuja kumwona na matunda, nami nikashukuru. Salamu hazikukatika. Asubuhi mmoja anapiga, jioni mwingine: mama anaendeleaje? Nikadhani kweli nimepata ndugu. Ila maswali yakaanza kuwa na kona. Daktari anasemaje, atafika mwezi wa nane? Uvimbe umepanda au umeshuka? Kuna aliyeniuliza kama wagonjwa wa namna hiyo huwa wanachukua muda mrefu.

Aliyenifungua macho ni shoga yangu, tuliyekaa dawati moja miaka yote ya shule. Alikuja dukani akajizungusha kwenye madumu ya dawa za wadudu, kisha akasema tiketi zimeshakatwa. Mama akifariki kabla ya safari, wote tutakaa matanga na safari imekufa. Akifariki tukiwa huko, katiba inataka turudi. Watu wana wasiwasi, akasema, ila wanaogopa kuniambia. Nilimwambia atoke dukani kwangu. Alitoka akiwa ameninunia, kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea.

Jumapili moja alasiri mwenyekiti mwenyewe akaja, na sukari na mchele. Mama alikuwa barazani, mgongo kwenye mito, miguu kwenye kigoda. Walisalimiana Kisukuma, mwadila kwa mwadila, na salamu zetu si fupi. Lakini macho ya mwenyekiti hayakuwa kwenye uso wa mama. Yalikuwa yanakagua miguu, yanapanda tumboni, yanasubiri kifua kipande na kushuka. Mama alimwacha akague mpaka akaridhika.

"Nifungue na mdomo, baba, uone meno?" alimwuliza. "Ng'ombe mnadani wanamwanzia kwenye meno."

Mwenyekiti akacheka peke yake. Mama hakucheka. Akamwambia anajua habari za safari, na kwamba waende tu, yeye hatakufa kwa ajili yao wala hatapona kwa ajili yao. Nilifurahi vibaya sana. Nilitamani aendelee kumchana. Lakini mama akashusha sauti, akaunganisha viganja vyake, mwanamke ambaye hata mbele ya shemeji zake waliomnyang'anya mji hakuwahi kuomba kitu.

"Huyu mtoto amewapikia wote," alisema. "Msije mkamwacha peke yake na maiti yangu."

"Mayu, hilo haliwezekani," mwenyekiti akajibu, na akamshika mkono.

Wiki hiyohiyo aliitisha kikao. Tulikaa kwenye ukumbi wa baa moja ambayo mchana haina wateja. Katibu akasoma pendekezo la kurekebisha katiba: endapo msiba utatokea wakati wanachama wako kwenye safari ya kikundi, mfiwa atatumiwa rambirambi na safari itaendelea. Alisoma haraka, akaomba tupige kura. Funika kombe mwanaharamu apite. Mimi mwanaharamu nilikuwa nimekaa palepale.

Niliuliza huyo mfiwa ni nani. Katibu akasema ni mwanachama yeyote, ni kanuni ya jumla tu.

"Basi andikeni jina langu," nikasema. "Msinifiche kwenye kanuni."

Mwenyekiti akaomba wanaokubali wanyooshe mikono, na mikono ikanyooka. Ya watu niliokesha kwenye matanga yao. Ya mwanamke ambaye nilimwogesha mtoto wake siku alipomzika mume, kwa sababu yeye hakuwa na nguvu ya kusimama. Shoga yangu alinyoosha wake akiwa anatazama meza. Nikasema najitoa kwenye safari, na mwenyekiti akaniita mtu wa busara, na mpaka leo nikilikumbuka neno hilo naumwa.

Wakaenda. Picha zilimiminika kwenye simu, makoti yetu ya mnadani juu ya weupe ule. Walianguka sana, zaidi ya kwenye mbegu. Nilitazama kila video mpaka mwisho nikiomba mmoja avunjike mguu, na sioni sababu ya kulificha. Hakuvunjika mtu. Nilikuwa nalala mlangoni mwa chumba cha mama, nikimsikiliza anavyovuta pumzi, nikihesabu majirani ambao wangeweza kushika jembe. Nilipata wawili, na mmoja ni mzee kuliko mama.

Hakufa. Walirudi na baridi usoni na chokoleti ya kila mtu, na yangu ikiwemo. Yangu niliwatupia kuku wa mama. Kwenye vikao nikawa nahudhuria bila kuongea, na wao wakaona yamekwisha.

Mvua za kwanza zilipoanza, baba wa mwenyekiti akafariki kwao Kiloleli, ghafla, mzee aliyekuwa bado analima. Taarifa iliingia kwenye simu asubuhi nikiwa nafungua duka. Niliisoma nikacheka, kicheko kikanitoka kama kikohozi, mteja akageuka kunitazama. Nilijiambia siendi. Nilikuwa na maneno tayari, mazuri, ya kumtumia: rambirambi itakufikia, safari yangu inaendelea. Niliyaandika yote, nikayasoma, nikayapenda.

Kabla sijayatuma nilikwenda nyumbani kumtazama mama, nikamsikia anaita apewe maji. Niliingia nikamshika kichwa anywe. Shingo yake ilikuwa nyepesi mkononi, na alipomeza alipumzika kidogo kabla ya kumeza tena. Nilimlaza, nikafuta yale maneno, nikamwomba jirani amwangalie, nikajifunga kitenge.

Kiloleli nilifika wa kwanza kati ya wanawake wa kikundi. Niliteka maji, nikakaa kwenye moshi wa mafiga mpaka macho yakavimba, na waliokuwa hawanijui wakadhani nalia. Wanaume wetu walichimba vizuri, udongo ulikuwa laini kwa mvua. Baada ya maziko mwenyekiti alipita akishukuru mmoja mmoja. Kwangu alisimama, akanishika mikono yote miwili, akalia wazi mbele za watu.

"Wabeja, dada," alisema. "Sikujua kama utakuja."

Nilimchukia kuliko siku yoyote. Nikamwambia pole, nikampa maji ya kunawa, nikarudi mekoni kumalizia wali. Mama yangu bado hajafa.