Bomba Kavu Mbele ya Kamera

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ofisi ya maendeleo, Korogwe, nikiwa nimevaa viatu vya kuazima. Mkuu wangu, mzee wa Kishambaa tuliyemwita Bwana Maendeleo, aliitazama miguu yangu kabla ya uso.

"Binti, hivyo havitafika Makuyuni," alisema.

Kweli havikufika. Nchi ilikuwa imepata Uhuru muda si mrefu, na cheo changu kilikuwa Bibi Maendeleo, yaani mwanamke wa serikali anayezunguka vijijini kuwafundisha kina mama kusoma, kushona na kuwapikia watoto uji wenye karanga. Huko Makuyuni nilitembea pekupeku, viatu mkononi, na kina mama wakanipenda kwa hilo kuliko kwa lolote nililofundisha.

Picha hazikuwa sehemu ya kazi hiyo. Chumba nilichopanga kilikuwa nyuma ya studio ya Mzee Ramji, Mhindi aliyezaliwa Korogwe na aliyekijua Kishambaa vizuri kuliko mimi Mzigua. Jumamosi mchana nilisimama mlangoni pa chumba chake cha giza nikichungulia, hadi siku moja akachoka.

"Dada, ama ingia, ama toka. Unaniingizia mwanga."

Nikaingia. Ndipo nilipojifunza kusafisha filamu. Filamu hupita kwenye dawa tatu: ya kwanza huitoa sura, ya pili huizuia sura isizidi kuwa nyeusi, ya tatu huishika isifutike. Baada ya hapo huoshwa kwa maji safi, tena mengi. Mzee Ramji alinifundisha pia jambo ambalo sikulisoma popote: ukimpiga picha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera hudanganywa na ukuta, na uso unatoka kama shimo. "Pima mwanga usoni," alikuwa akisema. "Ukuta haujaja kupigwa picha."

Mwishowe aliniuzia kamera kuukuu, ile ya lenzi mbili ambayo unaishika tumboni na kuinamisha kichwa kuitazama. Wateja waliikataa kwa sababu kifuniko chake kilikuwa kimelegea. Mimi nilikifunga kwa mpira wa baiskeli.

Kamera hiyo ilinifungulia nyua nyingi. Wanawake wengi wa Kiislamu hawakupenda kukaa mbele ya mwanamume mgeni wa studio, lakini kwangu walitoka wamejipamba, mmoja ameshika redio ya mumewe, mwingine ameegemea cherehani yake. Hakuna aliyecheka pichani. Picha ilikuwa jambo la heshima, na mtu alitoa uso aliotaka wajukuu waujue.

Siasa ya vijiji vya ujamaa ilipopamba moto nilihamishiwa Handeni. Mkuu wangu mpya aliwahi kuwa mwalimu, mtu mrefu, mkimya, ambaye akikasirika alisafisha miwani. Kusafisha picha nikaacha, kwani maji ya Handeni yalikuwa ya kunywa, na hata hayo hayakutosha. Filamu niliituma kwa basi, Mzee Ramji akanirudishia picha ndani ya bahasha.

Siku moja mkuu aliniita. Maonyesho ya wakulima yalikuwa yanakaribia, na ofisi haikuwa na mpiga picha.

"Nasikia una kamera. Nenda kwenye kile kijiji kipya upande wa Sindeni. Nyumba, shamba la pamoja, na bomba la maji."

Nilikwenda kwa moyo mweupe. Mimi nilikuwa mjamaa kweli, si wa kupiga makofi tu. Nyumba zilikuwa zimejengwa kwa mstari, nikazipiga asubuhi kabla jua halijawa kali. Shamba la mahindi nikalipiga. Tulipofika bombani, mwenyekiti wa kijiji akakohoa kidogo.

Mashine ya kusukuma maji ilikuwa imeharibika. Tangi lilikuwa tupu, na kina mama walikuwa wamerudi kuteka lamboni, kwenye bwawa la maji ya mvua, mbali vilevile kama walivyokuwa wakiteka kabla hawajahamishiwa pale. Lakini mwenyekiti alikuwa na mpango wake. Mtu apande juu ya tangi, amimine debe la maji, na yakitoka bombani mimi nipige haraka.

Debe lililokuwa karibu lilikuwa la Bi Mwanaidi, mama wa makamo aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka lamboni. Mwenyekiti alinyoosha mkono kulichukua. Bi Mwanaidi akaliwekea kiganja juu.

"Haya nimeyabeba kichwani tangu lamboni," alisema taratibu. "Hayapandi juu ili yateremke."

"Mama, ni picha tu. Wageni watatuonaje?"

"Watuone hivi tulivyo." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, si umekuja kupiga bomba? Lipige. Na mimi nipige nalo."

Akasimama kando ya bomba, akalifungua hadi mwisho, akaweka debe lake chini. Wanawake wengine wakaja, mmoja mmoja, wakasimama nyuma yake na ndoo zao.

"Bibi Maendeleo," mwenyekiti akaniambia kwa sauti ya chini, "ukiipiga hiyo, utaitwa mpinzani wa ujamaa."

Niliogopa. Neno hilo lilitosha kumtoa mtu kazini, na nilikuwa na mama yangu wa kumlisha. Niliinamisha kichwa kwenye kamera, nikabana viwiko mbavuni. Nikapima mwanga usoni kwa Bi Mwanaidi. Nikapiga.

Bahasha ilipofika kutoka Korogwe, nilimpelekea mkuu picha zote bila kuondoa hata moja. Alipofika kwenye ile, alivua miwani akaanza kuifuta.

"Nani alikutuma kupiga bomba kavu?"

"Ulinituma kupiga bomba, mzee. Nimelikuta hivyo."

"Hii haitabandikwa kwenye maonyesho," alisema, akaitia mfukoni mwa koti. Nikarudi chumbani nikaanza kufunga mizigo.

Hakuna aliyenifukuza. Baadaye Land Rover ilipita na mafundi, inaelekea Sindeni. Dereva wa ofisi ndiye aliyenieleza kuwa mkuu alikuwa ameenda kwa watu wa maji, akaiweka ile picha mezani, akavuta kiti na kuwaambia kwamba haondoki. Yeye mwenyewe hakunitajia jambo hilo kamwe, wala mimi sikumwuliza.

Nilimaliza utumishi wangu Magoma, na sasa nimestaafu. Vijana wakinitembelea na simu zao huniuliza picha gani niliipenda kuliko zote. Hudhani nitataja ile ya bomba kavu, lakini mimi huitaja ambayo sikuipata.

Maji yalipotoka nilirudi na filamu mpya. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kujipanga, mkono juu ya bomba, kanzu imepigwa pasi. Nikamtafuta Bi Mwanaidi, nikamkuta anajitwika debe lililojaa.

"Shikamoo mama. Njoo usimame pale, nikupige na maji."

"Marahaba, mwanangu. Picha ya nini tena? Maji si yapo?"

Akanicheka, meno yote nje, akashika njia ya nyumbani. Nilibaki nimeshika kamera, sikuwahi hata kuifungua.