Jiko la mama mkwe wangu Timau sasa linachaji simu

Wakuu, salamu kutoka Meru. Hii nawapa vile ilitokea, hata pale nilipoaibika.

Mimi ni fundi wa redio na simu mjini, karibu na soko la Gakoromone. Mama mkwe wangu anaishi peke yake Timau, na stima haijafika boma lake.

Ana sola ndogo, lakini ukungu ukishuka huko juu, hiyo sola ni pambo tu. Kuna wakati alilala na homa siku mbili, chaji imeisha, hatujui lolote. Bibi yangu Kendi alilia sana.

Nikaamua kutumia jiko lake. Ni la kuni, la kujengwa, na bamba lake la chuma linachoma kutwa nzima bure.

Kuna vibati vidogo kama biskuti. Upande mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, vinatoa umeme. Nikapanga vinne kwenye bamba, kando ya moto, juu yake sufuria ya maji baridi, nikavuta waya hadi kwenye taa na chaja ya simu.

Kwetu mwanaume kushinda jikoni kwa mama mkwe si mchezo. Nilifanya kazi macho chini.

Taa ikawaka! Mama akapiga makofi. Nikarudi mjini kifua mbele.

Wiki moja baadaye, simu yake imezima tena. Tukakimbia Timau. Tukamkuta mzima, anakamua ng'ombe. Lakini vibati viwili vilikuwa vimeungua.

"Mama, kwani nini kilitokea?" Kendi akauliza.

Akaniangalia mimi.

"Mwanangu, ni mimi. Maji yakishika moto naenda nayo kuosha kiwele cha ng'ombe. Siku moja nikarudi, taa imezima. Niliogopa kukuambia nimeharibu kazi yako."

Wakuu, aibu ilikuwa yangu. Nilimwambia sufuria isitolewe, kwamba bila maji juu vibati vinaungua? Hapana. Nilimuuliza maji moto anayatumia wapi? Hapana.

Nikamwomba msamaha. Akacheka.

"Si uweke mfereji tu? Nikitoa ya moto, naongeza ya baridi."

Design yote ni yake. Nilibadilisha vibati vilivyoungua, nikafunga debe juu yake kwa bolt mahali pa sufuria, nikalitia mfereji wa kufungulia maji. Ng'ombe anaoshwa na maji moto, vibati vinabaki baridi kwa juu.

Nisiwadanganye, ni simu na taa mbili. Pasi na TV sahau. Lakini sasa tukipiga, anashika.

Nilichojifunza: kabla ya kufunga kitu jikoni kwa mtu, kaa kwanza uone anavyoishi na hilo jiko. Mimi nilipima joto, nikasahau mwenye jiko.

Juzi mama alinipigia. Amemwahidi jirani yake kwamba Jumamosi "mwanangu fundi" anakuja kumfungia debe na vibati kama vyake. Hakuuliza kama nina nafasi.

Naenda, tena kwa furaha.

Mwenye amewahi kufunga vibati zaidi ya vinne, tafadhali niambie hapa chini kabla ya Jumamosi.