Vitabu Viwili Juu ya Joto la Dunia

Nimesoma vitabu vingi kwa sauti mbele ya watu, na viwili kati ya hivyo vilikuwa juu ya joto la dunia. Cha kwanza kilisema dunia inapata joto kwa sababu ya moshi wa viwanda na ukataji wa misitu. Cha pili kilisema hayo ni maneno ya kutisha watu. Nilivisoma vyote wakati wa vita, kwenye kilima chetu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Butembo. Kwa sababu ya hicho cha pili tulipoteza maji yetu. Msomaji nilikuwa mimi, si mwingine.

Nilimaliza sekondari kwa mapadri, na kwa miaka mingi nilikuwa karani wa depo ya kahawa. Vita vilipofika, depo iliporwa mpaka milango na mizani, nikarudi kilimani kulima maharagwe kama wenzangu. Kazi moja tu ya elimu ilinibakia: nilikuwa msomaji wa shirika letu. Shirika ni familia za Kikatoliki za kilima kimoja, zinazokutana kila juma kusali pamoja. Nilisimama, nikasoma Injili, kisha kila mtu akasema ni neno gani limemgusa. Kwetu, jambo lililosomwa na mtu aliyesimama katika shirika halibishwi. Linapokelewa, na watu wanarudi nyumbani nalo.

Padri Mzungu wa parokia, alipoona hawezi tena kukaa kwa sababu ya wanajeshi, aliniachia katoni ya vitabu vyake vya Kifaransa. Alinionyesha kimoja, chenye jalada la buluu, akasema, "Hiki wasomee watu, kinawahusu." Basi kila Jumapili baada ya sala nilisoma kurasa chache, nikizigeuza katika Kiswahili, na penye ugumu katika Kinande, lugha yetu ya nyumbani.

Kitabu kile kilikuwa kimeandikwa kwa watu wa kawaida, si kwa wanasayansi. Kilieleza hewa inavyoshika joto kama blanketi, mvua zinavyohama majira, mbu wanavyopanda mahali palipokuwa na baridi. Mjane mmoja wa shirika, mwenye ulimi mkali, alinikatiza.

"Baniletee ile joto hapa! Mimi baridi ya kilima inaniuaka kila siku, na bazungu banaogopa joto!"

Watu walicheka sana. Lakini kitabu kilipofika kwenye barafu ya milima ya nchi za joto, hakuna aliyecheka. Asubuhi iliyofuata kulikuwa kweupe, na niliona wazee watatu wamesimama njiani wakitazama upande wa milima ya Ruwenzori, wakibishana juu ya theluji iliishia wapi walipokuwa watoto.

Aliyesikiliza kuliko wote alikuwa kaka yangu mkubwa. Nilimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Hakujua kusoma, kwa kuwa baba alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja, na akanichagua mimi. Kaka alipewa kitu kingine: ulinzi wa msitu wa ukoo. Ulikuwa juu kabisa ya kilima, miti minene ambayo babu yetu aliikuta na hakuigusa, na chini yake kulikuwa na chemchemi iliyonywesha kilima chote. Msitu wa namna hiyo hauuzwi na mtu mmoja. Wakubwa wa nyumba wanakaa, wanasema, na mlinzi anafunga neno, yaani anakata shauri la mwisho. Wakati ule wa vita mbao zilitafutwa sana, malori yalizipeleka Kasindi na kuvuka mpaka, na kila juma mfanyabiashara mmoja au mwingine alikuja kubisha hodi kwa kaka.

Nilipomaliza kitabu cha buluu, kaka aliniuliza, "Donc, basi, hapana kata?"

"Hapana kata, yaya."

"Basi imeisha."

Na ikaisha kweli, karibu mwaka mzima.

Kisha akaja rafiki yangu. Tulikuwa tumeketi ubao mmoja sekondari, tukala kutoka sahani moja. Yeye aliacha shule mapema, akaenda Beni, akajenga katika mtaa wa Bungulu, akawa mnunuzi wa mbao. Aliniletea sukari, kitu kilichokuwa adimu siku zile, na kitabu.

"Mwalimu!" alisema. Daima aliniita mwalimu, ingawa sijafundisha hata siku moja. "Nasikia umekuwa nabii ya joto."

"Minasoma tu ile iliandikwa."

"Umesoma upande moja. Mutu ya masomo anasomaka pande mbili. Ao diplome yako ilikuwa ya bongo, ya uwongo?"

Tulicheka, lakini neno lilinichoma. Usomi wangu ulikuwa kitu pekee ambacho vita havijapora. Alisema kitabu ni cha mwalimu mmoja jirani yake pale Bungulu, nikimaliza nimrudishie mwenyewe.

Nilikisoma kwa siku tatu, na lazima niseme kilinifurahisha. Mwandishi alikuwa mcheshi. Aliwacheka wanaotabiri mwisho wa dunia, akaonyesha kwamba dunia ilipoa na kupata joto zamani, kabla ya kiwanda chochote. Nilijiona nimeketi kama hakimu kati ya Wazungu wawili wenye elimu, mimi karani wa kahawa ambayo haipo tena. Nilipofika mwisho niliona kurasa kadhaa hazipo. Vitabu vya Kifaransa huweka orodha ya sura nyuma, kwa hiyo nayo ilikuwa imekwenda, na sikuweza kujua kilichokuwa kimeandikwa hapo. Nilimuuliza rafiki yangu alipopita tena.

"Ah! Bibi yangu, mama ya batoto, alifungia karanga. Banawake, unabajua."

Mwanamke anayefunga karanga anachana karatasi. Zile zilikuwa zimekatwa kwa wembe, sawasawa, karibu kabisa na mshono. Niliona. Nilipitisha kidole changu pale penye mkato. Kisha nikafunga kitabu, nikacheka, nikasema na mimi neno kuhusu wanawake na karanga zao.

Nilikisoma katika shirika Jumapili tatu. Ningeweza kukisoma nyumbani kwangu, nimeketi, kama gazeti la zamani. Nilisimama mahali pale pale pa Injili, kwa sauti ile ile. Watu walifurahi, kwa sababu wakati wa vita habari ya kuwa jambo fulani baya si la kweli ni kama mkate. Mjane yule alisema, "Sasa hata joto banatunyima!" Jumapili ya tatu rafiki yangu alikuwepo, amekaa nyuma na kofia mapajani. Tulipomaliza alisimama kwa adabu, akasema watu wamesikia wenyewe, hofu haina msingi, na yeye yuko tayari kwa ule msitu.

Kaka alinigeukia mimi mbele ya wote.

"Mutoto ya mama, weye unasema nini?"

"Kitabu kinasema hakuna hatari, yaya."

Alinitazama kidogo, kama mtu anayengoja sentensi iendelee. Sikuiendeleza. Akafunga neno. Juma lililofuata wakata mbao walipanda na misumeno yao.

Mwaka wa kwanza hatukuona kitu. Kiangazi cha mwaka wa pili chemchemi ilikonda mpaka wanawake wakakinga kwa kikombe, kisha ikawa tope, kisha mawe makavu. Kulibaki mto wa bondeni, karibu na daraja, na penye daraja kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Wanawake walikwenda kwa makundi. Siku moja wanajeshi walichelewesha kundi la shemeji yangu, mke wa kaka, wakitaka kila mmoja aache kidumu chake. Yeye alikataa, akapigwa kwa kitako cha bunduki, mkono ukavunjika juu ya kiwiko. Uliungwa, lakini haukunyooka tena.

Nilikwenda Beni kumtafutia dawa ya maumivu, nikabeba na kitabu nikirudishe. Mwalimu wa Bungulu alikuwa mtu mpole, amekaa mlangoni akisahihisha madaftari ingawa miezi mingi serikali haikuwa imemlipa. Alikipokea kitabu, akakigeuza, uso ukabadilika.

"Nani alikata hii?"

"Nilikipata hivi. Sura gani ilikuwa?"

"Sura ya mwisho, mzee. Mimi ilikuwa inanipendeza kuliko zote. Ule mwandishi anasema, ubishi juu ya joto tuuache uendelee, lakini miti ya kichwa cha maji, pale inatokea, mutu asikate. Joto ikuwe ao isikuwe, milima bila miti inakauka." Alikifunga kitabu. "Na rafiki yako alijua. Aliniuliza mwisho inasema nini, nikamueleza, hapa hapa kwenye kiti. Akasema aksanti sana."

Njiani nilielewa tulivyochezewa. Kaka aliuliza juu ya miti, na mimi nikakubali kuulizwa juu ya hewa ya dunia nzima. Wale waandishi wawili, waliogombana mambo yote, walikuwa wamepatana juu ya jambo moja, na ndilo hilo lililohusu kilima chetu.

Nilimkuta rafiki yangu katika uwanja wake, kati ya mbao zilizopangwa juu ya vigogo. Nilimwambia nimetoka kwa mwalimu. Hakushtuka.

"Ulikata kurasa," nilisema.

"Nilikata. Na weye uliona nimekata."

"Uliniambia karanga!"

"Na weye ukacheka. Mwalimu, mimi nilikaa nyuma na kofia yangu. Nani alisimama?" Halafu akaita chai iletwe, na kiti.

Niliketi. Nilikunywa chai yake mpaka mwisho, nikimchukia, kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine na mtu niliyeketi naye ubao mmoja. Huko nyumbani niliwahi kusimulia kwamba niliimwaga. Huo ulikuwa uongo.

Kaka nilimkuta akitia mpini kwenye jembe. Nilimweleza yote, sura ya mwisho iliyokatwa kwa wembe, mwalimu, chai. Aligonga mpini mara mbili, akaacha.

"Ile wembe, uliiona?"

"Niliiona, yaya."

"Mbele ya kusoma ao nyuma?"

"Mbele ya kusoma."

Ndani ya nyumba tulimsikia shemeji akihamisha sufuria kwa mkono mmoja.

"Ule wa Bungulu ni mutu ya biashara," alisema hatimaye. "Alikuja kutafuta miti, akapata miti. Mimi hapana na maneno na yeye. Yeye hapana mutoto ya mama yangu." Akaokota nyundo. "Mimi sikuuliza kitabu inasema nini. Niliuliza weye."

Nilijiuzulu usomaji Jumapili iliyofuata. Kaka hakuacha kunisalimia wala kula kwangu siku za sikukuu, na watu wa kilima walisema tumesameheana. Miti tulipanda mingine, mimi na yeye, kila mmoja upande wake. Imekua, lakini chemchemi haijarudi.

Mtoto wake wa kwanza alikuwa amehamia Oicha kulima kakao, na mapigano yalipokuwa yakisonga upande ule tuliishi kwa kusubiri habari zake. Siku moja nikiwa shambani nilimwona kaka anapita njiani na bahasha mkononi, imetoka kwa dereva wa lori. Nilisimama, nikapangusa mikono kwenye suruali, nikamwamkia. Aliniamkia vizuri, akaniuliza hali ya maharagwe. Kisha akaitia bahasha ndani ya koti, akashuka bonde na kupanda ng'ambo ya pili, mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu yake ya uzee, mpaka kwa mke wa mchungaji wa Waprotestanti, ili asomewe barua ya mwanawe.