Watu Saba Nyuma ya Gari

Wewe unanijua, sipendi kujisifu. Lakini leo nivumilie kidogo, maana tangu wiki ile simu yangu ilipolia mfululizo mpaka ikaisha chaji, natembea kifua mbele na sioni sababu ya kukirudisha.

Nimo kwenye kundi la simu la wapenda magari ya zamani. Tumo watu wa kila aina: fundi wa Babati, dada mmoja anayeendesha lori la mahindi, wastaafu, na vijana wasio na hata baiskeli. Mtu akituma picha ya gari la enzi za mababu, tunaikuza mpaka inabaki madoadoa, kisha tunabishana: taa ni za mafuta au za umeme, spoku za magurudumu ni za mbao au za chuma, hendeli ya kuwashia injini iko wapi. Mke wangu anasema tumekosa kazi. Basi siku hiyo nikatuma picha ya gari niliyoachiwa na bibi yangu.

Picha hiyo ndiyo utoto wangu kule kijijini Tlawi. Bibi aliihifadhi kwenye kopo la biskuti, imefungwa kwa kipande cha kanga, na ilitoka Jumapili tu, baada ya kanisa. Kwanza tulikata majani ya ng'ombe, tukachota maji, tukanawa mikono mpaka viwiko. Ndipo tukaketi karibu na moto, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, makande yanachemka, moshi unatuwasha macho, na mama anatikisa maziwa kwenye kibuyu. Bibi alitupatia glasi yenye kitako kinene, tukaisogeza juu ya picha ili itukuzie. Kila mtoto alitakiwa aone kitu ambacho Jumapili iliyopita hakukiona: kifungo cha koti la dereva, jiwe kwenye matope, ndoo iliyoning'inia ubavuni mwa gari. Aliyeona kitu kipya alipakuliwa makande kwanza. Nakuambia kweli, kuangalia sikufundishwa na shule. Nilifundishwa na njaa ile.

Gari lilikuwa la misheni, limepigwa picha kwa mbele, kwenye barabara ya matope ya mlimani kwetu. Kwenye usukani yuko baba yake bibi, ameukamata kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika pembe za fahali. Nyuma ya gari wanaonekana watu saba, wanaume kwa wanawake, wengine nusu mwili tu. Na hapo ndipo ulipokuwa ugomvi.

Bibi alisema kwamba baba yake, dereva wa kwanza kijijini, alimweleza kwa mdomo wake mwenyewe: siku ile gari lilikuwa linateremka, na yeye ndiye aliyelifikisha chini salama. Lakini picha ya mbele haionyeshi mteremko. Kila aliyeitazama aliona watu saba wanasukuma gari lililoshindwa na mlima. Jirani yetu, ambaye wazee wake walihamia kwetu na mifugo yao kutoka Gehandu, hakukubali jambo hilo lipite bure. Asubuhi akipitisha ng'ombe alisimama mbele ya uwanja wetu.

"Shikamoo, mama. Ile gari imeshafika juu?"

"Marahaba. Ilikuwa inashuka."

"Inashuka, na watu saba wanasukuma? Basi baba yako hakuwa dereva, mama. Alikuwa abiria amekaa mbele."

Hakuwa mtu mbaya. Ng'ombe wetu aliposhindwa kuzaa, yeye ndiye aliyekuja na mvua ikimnyeshea. Lakini utani ukizidi hugeuka jina. Kwenye harusi, kwenye kupura ngano, tulikuwa "wale wa gari la kusukumwa." Bibi alicheka pamoja na watu, kisha akaingia ndani, akafungua kopo lake, akaitazama picha peke yake hata kama si Jumapili.

"Njia ya mwongo ni fupi," alituambia. "Baba hakunidanganya."

Nilimwamini kwa sababu alikuwa bibi yangu. Picha yenyewe ilikuwa upande wa jirani. Bibi akafa hivyo hivyo, baba yake bado ni abiria.

Sasa rudi kwenye kundi letu. Fundi alianza na taa. Wastaafu wakagombania spoku. Kisha yule dada wa lori akaandika: "Jamani, acheni taa. Angalieni visigino vya hao watu. Anayesukuma anainama mbele. Hawa wamelala nyuma, visigino vimezama kwenye tope. Hawa wanavuta."

Nikakuza picha mpaka kwenye visigino. Fundi akairudisha akiwa ameizungushia duara jekundu mahali fulani: kamba nene ya ngozi iliyosokotwa, inatoka chini ya gari na kupita mikononi mwa wale saba. Sisi watoto tuliiona kamba hiyo kwa glasi yetu, tukadhani ni mkunjo wa picha.

"Magari ya wakati ule yalikuwa na breki za nyuma tu," fundi akaandika. "Kwenye matope kama hayo ni sawa na hakuna. Hapo gari inashuka, na watu ndio breki. Mwenye kukubali kukaa kwenye usukani hapo, huyo ni dereva kweli kweli."

Nililia, usinicheke. Wiki iliyofuata nikapanda kwenda Tlawi.

Nyumba ya bibi haipo tena, yamebaki mawe ya jiko na nyasi katikati yake. Barabara imechongwa na greda, na vijana wa bodaboda wanateremka mlima ule wamezima injini, mkono mmoja uko kwenye simu. Ni maendeleo, nayafurahia. Ila siku hizi chombo kikiteremka hakuna anayetoka shambani kwenda kukishika, na hilo linaniuma.

Jirani ni mzee sana sasa, anatembea na fimbo. Nilimwamkia, nikampa simu, nikamwonyesha visigino, kisha kamba. Aliitazama picha mpaka mwanga wa simu ukazima. Akanirudishia simu. Halafu akainama kwa taabu, akang'oa majani mabichi kiganja kizima.

"Nipeleke kwa mama," akasema.

Kwa wafugaji wa kwao, anayekujia ameshika majani mabichi amekuja kuomba amani, na hakataliwi. Tulitembea polepole mpaka kwenye kaburi la bibi, pembeni mwa shamba la ngano, mimi nimemshika kiwiko. Akayaweka majani juu ya udongo, akasimama wima kadiri mgongo wake ulivyomruhusu.

"Mama," akasema, "baba yako alikuwa dereva."