Ziwa Jekundu la Mama wa Mbita

Nilikuwa hapo mwenyewe, kwenye kiti cha plastiki, katika ofisi ya kuchora ramani za nyumba mjini Homa Bay, kwa hivyo msiniulize nilisikia kwa nani.

Mama mjane wa Mbita alikuja kuchukua mchoro wa nyumba anayotaka kujenga kando ya ziwa. Mashemeji zake walikuwa wanakaa mchana huo kuamua kama atajenga. Mchoraji, dada mmoja mpole, akafungua kompyuta. Rangi hupakwa na programu ndogo aliyoiandika mwenyewe. Ziwa likatoka jekundu, paa likatoka buluu.

Mama akashika kichwa. "Nyathina, mwanangu, ziwa limechinjiwa ng'ombe? Hao mashemeji wakiona damu hii watasema marehemu amekataa!"

"Haki ya Mungu, mama, mimi niliandika buluu."

Hapo nikakohoa, nikanyoosha kidole. "Lakini nyasi ni kijani vizuri. Nyekundu na buluu zimebadilishana viti tu."

Kumbe kila rangi huandikwa kwa namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu; programu yake ilitaja nyekundu kwanza na buluu mwisho, na kompyuta ikasoma kuanzia mwisho. Kijani hukaa katikati, haikuguswa. Mchoraji akageuza mpangilio, ziwa likawa ziwa.

Jioni mama akapiga simu. Nilikuwa bado pale, maana chai yao ni ya bure. "Wamekubali! Wamelalamikia choo tu."

Yote ni kweli tupu, ila lile neno la nyasi lilikuwa la mchoraji. Mimi nilishauri wabadilishe wino, na mchoro ulikuwa bado haujachapishwa.